Kitovu Kilizikwa Wapi

Saa nane usiku, kileleni La Palma,
upepo umetulia na Hedvika amevua glavu moja tu,
ya mkono anaoandikia.
Mimi ndiye niliyefungua kuba. Kazi yangu ni hiyo:
kufungua, kuelekeza, kufunga kabla ya umande,
na kutotia neno mpaka niulizwe.
Chini yetu mawingu yametandazwa kama pamba isiyosokotwa,
na chini ya mawingu Garafía,
na Garafía mama yangu amelala, redio ikimsemea.

Hatupigi picha. Picha ni sura,
na sura, asema Hedvika, haikwambii mtu anaelekea wapi.
Tunaichana nuru nyuzi elfu na mia saba,
kila uzi tunauuliza swali moja:
waja, au waenda?
Nuru ya nyota ijayo huegemea buluu,
ya iendayo huona haya, ikaiva wekundu.
Mstari mweusi wa kalisi ukisogea unywele mmoja
tumeshajua mwendo.

Nusu saa. Nusu saa nyingine.
Chai ya chupa ikapoa.
Ramani ikajijaza kwenye skrini, tone kwa tone:
kushoto buluu, kulia nyekundu,
kama desturi ya gurudumu lolote,
ubavu mmoja waja, ubavu mmoja waenda.
Kisha pale katikati, kwenye kitovu,
doa dogo lisilozidi ukucha:
kulia buluu. Kushoto nyekundu.

Hedvika alitukana kwa Kicheki.
Akasema nimegeuza kioo; nikasema sijakigusa.
Nikawasha taa ya vipimo, nikarudia nyota ya mfano,
yeye akapitia mistari mia nne ya programu yake
kwa kidole, kama achambuaye mchele gizani.
Saa tisa u nusu hatukuwa na kosa la kumsingizia mtu.

Kiini kile kinazunguka kinyume.

Zamani, aliniambia,
kabla jua letu halijawaka,
galaksi ndogo iliingia ndani ya kubwa.
Haikubisha hodi. Ikachanwa, ikamezwa,
gesi yake ikaporomoka hadi chini kabisa, ikazaa nyota,
na nyota zile zikashika mzunguko wa kwao.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu alipewa jembe, akalima kinyume
miaka bilioni sita,
na mwenyeji hajaweza kumgeuza.

"Na lile shimo jeusi?"
"Lipo. Lenyewe hula kutoka pande zote."

Nilicheka, kisha nikaacha.
Mama, Omaira, alivuka Atlantiki nikiwa tumboni,
akaja kukaa na wazazi wa baba.
Miaka arobaini na moja.
Jibini ya mbuzi anaikata kama wao,
mtakatifu wao anambebea mishumaa,
hata mvua anailaumu kwa maneno yao.
Ila alfajiri, mlango ukiwa bado na komeo,
hukanda unga wa mahindi kwa viganja
na kuusemesha kwa lafudhi ambayo mchana haitoki.
Bibi alikufa akisema: huyu bado hajafika.
Kitovu cha mama kilizikwa Maracaibo.
Mahali gani hasa, sikuwahi kumuuliza.
Nilidhani ni habari iliyokwisha.

Tulifunga kuba saa kumi na mbili.
Hedvika alilala kitini, glavu moja mkononi.
Nikashuka na gari, kona kwa kona, nikauingia ukungu,
nikamkuta jikoni akikoroga kahawa.
Nilikitazama kijiko chake, nakiri, kama mpumbavu.
Kilizunguka kama cha mtu yeyote.

"Una nini?" akaniuliza.
Kwa mbali kile, mtu haoni kitu.
Nikavuta kiti, nikasogea.